Mgebuka wa betri kagoma

Jioni hii hapa Mwanga, Kigoma, beseni lina watoto wengi kuliko maji. Samaki wa plastiki kalala ubavu, mkia kimya.

Betri ni za juzi tu, vile vidonge viwili vya LR44.

Huyu hana swichi. Ana vichuma viwili mwilini. Maji yakivigusa vyote, umeme unapita, sumaku inachezesha mkia. Vikishika mafuta, hata umtupe ziwani hajui kama yuko majini.

Lakini vilikuwa safi. Kumbe ule mpira mwembamba wa mfuniko umejikunja!

Tone moja tu limeingia, na kibati cha betri kimeota kijani.

Siki kwenye pamba, kausha, nyoosha mpira, kaza skrubu.

Tiki… tiki… mkia huo!

(Vidonge vya betri, hata vya zamani, viwekeni mbali. Mtoto akimeza, hospitali saa hiyohiyo.)

Wa kwenu hugomea wapi?