Kumbukumbu ya mradi: Dennis Potter na ua la mplamu

Wiki ya kwanza. Nimeanza kuyatafsiri kwa Kiswahili mahojiano ya mwisho ya Dennis Potter, mwandishi wa tamthilia za televisheni wa Uingereza. Alihojiwa na mtangazaji Melvyn Bragg, na kituo cha televisheni cha Channel 4 wakayarusha tarehe 5 Aprili 1994. Potter alikuwa ameambiwa Februari, Siku ya Wapendanao, kwamba ana saratani ya kongosho na kwamba haitibiki. Tarehe 7 Juni alifariki, akiwa na miaka 59.

Tangu nilipoiona tamthilia yake The Singing Detective ya mwaka 1986, yule mgonjwa aliyebabuka mwili mzima na wodi inayolipuka kwa nyimbo, mtu huyu hajanitoka. Ugonjwa ule ulikuwa wake mwenyewe. Ulimwanza ngozini ukaingia kwenye viungo, vidole vikajikunja, akawa anaandika kalamu ikiwa imebanwa ndani ya ngumi. Mtoto wa mchimba makaa ya mawe kutoka eneo la Forest of Dean, Uingereza, na kalamu ndani ya ngumi. Picha hiyo nimeibeba miaka.

Wiki ya pili. Imenichukua siku nne kupita sehemu ya chupa. Katikati ya maneno anasimama na kupiga funda la mofini ya maji, kisha anaendelea pale pale alipoachia. Nilikuwa nimeandika "anakunywa dawa". Dada yangu ni muuguzi; aliposoma akasema hapana, andika mofini, andika na maumivu, maana mtu hapigi funda namna ile kama hayajamchoma. Nimeandika hivyo. Uvimbe wenyewe Potter aliubatiza Rupert, jina la Rupert Murdoch mwenye magazeti, na analisema kwa hasira ya kweli kabisa.

Wiki ya tatu, na hapa ndipo nilipokwama. Anasimulia mti wa mplamu chini ya dirisha lake katika mji wa Ross, umechanua. Zamani angesema tu maua mazuri. Sasa anauona mweupe, una povu, na halafu analichukua neno "ua" lenyewe na kulifanya sifa, kwamba hakuna ua lililowahi kuwa ua kiasi kile. "Nyeupe" nimeipata bila shida, lugha yetu ina "pe" yake. "Povu" limekaa. Lakini ua? Nilijaribu "maua ya maua", likasikika kama shairi la harusi. Mwisho nimeandika: "ni ua hasa, ua lililozidi kuwa ua." Nimeridhika nalo, ingawa saa nyingine usiku nalirudia tena.

Kuna neno lingine gumu zaidi. Anasema kitu pekee ambacho mtu ana hakika nacho ni wakati huu uliopo, na anauundia jina, "nowness". "Usasa" ndilo lingefaa, ila wahakiki wetu walishalichukua kwa maana ya mambo ya kisasa. Msomaji angewaza majengo marefu. Nimevunja jina nikaweka sentensi: "kila kitu kipo sasa hivi, na ni cha ajabu." Inauma kupoteza jina, lakini maana imebaki hai.

Wiki ya nne. Sehemu ya ombi lake imekwenda haraka. Alitaka amalize tamthilia mbili, Karaoke na Cold Lazarus, na alitaka BBC na Channel 4 wazioneshe kwa pamoja, mahasimu hao wawili. Alizimaliza. Mkewe Margaret alitangulia kufa tarehe 29 Mei, siku tisa kabla yake. Tamthilia zote mbili zilioneshwa 1996, na mwigizaji Albert Finney yumo katika zote.

Jana jioni nilimsomea dada ukurasa wa mplamu. Alinyamaza, akaniomba nirudie kuanzia dirishani. Nilipomaliza akasema kuna "sana" moja imezidi, mtu mwenye maumivu yale hana pumzi ya "sana". Nimeifuta.