Rampu ya mlangoni kwetu: nilivyopima, nilivyochagua

Kibaraza chetu kimeinuka sentimita 42 kutoka ardhini, na namba hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila kitu. Nyumba ni ya zamani, ipo Makorora, Tanga, na waliojenga waliinyanyua makusudi ili maji ya masika yasiingie ndani. Ngazi tatu, kila moja sentimita 14. Hakuna aliyezijali mpaka baba alipopata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea, akarudi nyumbani na kiti mwendo. Mwanzoni tulikuwa tunambeba yeye na kiti chake, vijana wawili nyuma na mmoja mbele. Mzee alinyamaza wee, mwishowe akasema, "Mnanishusha kama gunia la mkaa." Tangu hapo akawa hataki kutoka. Hata Ijumaa akasalia nyumbani.

Nikaita fundi atujengee rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitishia kiti. Alikuja, akaangalia ngazi, akasema, "Bosi, hapa mita mbili na nusu zinatosha, tunamwaga zege juu ya hizi hizi ngazi, kesho kutwa mzee anapita."

Kanuni inayotumika sehemu nyingi duniani ni 1 kwa 12, maana yake kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Sentimita 42 mara 12 ni sentimita 504, yaani mita tano na kidogo. Mita mbili na nusu za fundi ni 1 kwa 6. Ukiisikia tu unaona tofauti ndogo, lakini atakayesukuma ni mama, na mama ana magoti. Baba ana kilo 78, kiti chake kilo 18, jumla 96. Kwenye 1 kwa 12 unasukuma uzito wa kilo 8 hivi, ukiacha msuguano wa magurudumu. Kwenye 1 kwa 6 unasukuma karibu 16, na ukichoka katikati huwezi kuachia. Nilimpigia fundi hesabu hiyo kwenye kipande cha boksi la saruji. Akacheka, akasema hata hospitalini wameweka fupi. Kweli wameweka, na kila siku utaona pale ndugu wawili wanamhangaikia mgonjwa mmoja.

Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na majengo ya umma yanatakiwa yafikike. Nyumbani kwako hakuna anayekuja kukagua. Unabaki wewe na futi kamba yako.

Urefu wa mteremko kila mtu atakwambia. Mimi kilichonipa shida zaidi ni juu, pale mlangoni. Mlango wetu wa mbao unafunguka kwa ndani, lakini mbele yake kuna mlango wa grili, na grili zetu karibu zote hufunguka kwa nje. Sasa fikiria rampu inayopanda moja kwa moja mpaka kizingitini kama alivyotaka fundi. Baba anafika juu, kiti kimeinama, mkono mmoja ndio unaofanya kazi. Akiupeleka huo mkono kwenye grili aivute kwake, nani anashika gurudumu? Kiti kinarudi nyuma na mtu wake. Na grili yenyewe ikifunguka inafagia sentimita 90, kwa hiyo lazima arudi nyuma kwanza ili impishe. Mtu huwezi kurudi nyuma kwenye mteremko ukiwa na mkono mmoja na mguu mmoja.

Ndiyo maana nilianza na sehemu tambarare, mteremko ukafuata. Mbele ya mlango panatakiwa pawe sawa, angalau mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, kiti kisimame chenyewe bila kushikwa, mlango ufunguke, kisha mtu aingie. Hapo nikakiangalia kibaraza kwa jicho jingine: chenyewe kina upana wa mita 1.6 na kimenyooka mbele ya nyumba yote. Tambarare ninayo tayari. Nilichotakiwa ni kuifikisha rampu kwenye ncha ya kibaraza, ubavuni, badala ya kuipandisha kifua kwa kifua na mlango.

Kwa mbele, kutoka ngazi mpaka ukuta wa uzio, ni mita 3.6 tu. Ningelazimisha huko ningehitaji kona. Fundi mwingine, wa kuchomelea, alinichorea rampu yenye kona, tena mchoro mzuri, na kwa kiti mwendo peke yake ungefaa. Ila mjomba huja kwetu mara kwa mara. Mjomba alipata polio utotoni na anatembelea baiskeli ya miguu mitatu, ile ya kukanyaga kwa mikono. Niliipima akiwa anakunywa chai: upana sentimita 82, urefu inakaribia mita mbili. Chombo kirefu namna ile hakigeuki kwenye kona ya mita moja na nusu.

"Mjomba, ukifika hapa utakata kona?" nilimuuliza nikimwonesha mistari niliyochora chini kwa chaki.

"Nitakata ukuta," akasema.

Basi ikabaki ubavuni, kwenye njia ya kuelekea uani, ambako kuna mita saba na ushei. Rampu inyooke, bila kona, upana wa sentimita 100 kati ya kingo na kingo. Tatizo la ubavuni lilikuwa kamba ya nguo na mkomamanga wa mama. Kamba ilihama bila maneno. Mkomamanga ulileta maneno. "Huo mti umekukuta hapa?" mama aliniuliza. "Basi na wewe uukute." Tukakata matawi ya upande mmoja, rampu ikasogea ikagusana na ukuta wa nyumba, mti ukabaki. Umekaa umepinda na unaudhi macho, lakini unazaa.

Kabla ya kumwaga chochote niliazima mbao mbili ndefu, nikaziegemeza kwenye ncha ya kibaraza kwa urefu kamili wa mita tano, tukaziwekea matofali chini zisinepe. Mjomba akapanda polepole huku vijana wamemshika. Hili namshauri kila mtu, maana linaonesha kitu ambacho futi haioneshi: pale juu, mteremko unapokutana na tambarare, chombo kirefu kinaweza kugusa tumbo. Kwenye 1 kwa 12 baiskeli yake ilipita, chuma cha chini kikiacha nafasi ya vidole viwili. Kwenye 1 kwa 6 ingekwama. Na kwa chini, mteremko ukiwa mkali, vikanyagio vya miguu vya kiti mwendo ndivyo vinavyochimba ardhi kwanza.

Ujenzi wenyewe ni wa kawaida: tofali pande mbili, kifusi katikati kikashindiliwa kwa tabaka, juu zege ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), na ukingo wa sentimita 10 kila upande ili gurudumu dogo la mbele lisichomoke. Dada yangu alitaka vigae vifanane na kibaraza. Nilikataa. Kigae kikilowa na mtu ana gurudumu ni balaa. Zege ilipoanza kushika tu, fundi akapitisha ufagio wa chelewa kwa kukata upana, kutoka ukingo hadi ukingo, ikabaki na mikwaruzo midogo midogo ambayo tairi linaing'ata. Tukaimwagilia wiki nzima. Chini ya kingo tuliacha matundu ya maji, maana rampu yenye kingo bila matundu ni bwawa.

Mabomba ya kushikilia yalikula karibu nusu ya bajeti, na nilishawishiwa niweke upande mmoja tu. Lakini mkono wa baba unaofanya kazi ni wa kulia. Bomba lililo kulia kwake akipanda litakuwa kushoto akishuka, ambako hana mkono. Nikaweka pande zote, kimo cha sentimita 90. Upande wa ukutani tuliliacha limejitenga na ukuta ili vidole vipite. Hewa ya bahari ya Tanga haina huruma na chuma, kwa hiyo rangi ya kuzuia kutu ilipakwa mara mbili kabla ya ile ya mapambo.

Kizingiti cha mlango kilikuwa na sentimita 4. Hapo kabari ya mbao ya sentimita 48 ilitosha, imepigwa misumari, habari imeisha.

Mlango wa uani ndio ulihitaji rampu ya kuondoa na kurudisha, kwa sababu choo kiko uani na wanawake wanaosha sakafu kila asubuhi. Kimo sentimita 17, kwa hiyo mita mbili na sentimita nne. Nilitengenezesha ya mbao, juu tumepigilia vipande vya raba ya tairi kuukuu. Sehemu ya maana kuliko zote ni ndoano mbili za chuma juu, zinazoingia kwenye pete zilizofungwa kwenye kizingiti. Rampu ya kubebeka isiyofungwa husukumwa nyuma na gurudumu linapoipanda, ikateleza na kumwacha mtu kati.

Binamu yangu aliye Uingereza alinitumia picha za rampu za alumini zinazokunjwa, nyepesi, nzuri kweli. Ya mita moja na nusu inakupa sentimita 12 na nusu kwa kanuni ya 1 kwa 12. Kwa kibaraza changu ilikuwa mapambo tu, na kwa mlango wa uani ingekuwa fupi. Sasa anasema atamletea mjomba skuta ya umeme iliyotumika. Nimemwambia anitumie kwanza uzito, urefu, na nafasi kati ya tumbo la skuta na ardhi. Kule kubwa zinazoruhusiwa barabarani hufikia kilo 150 bila mtu. Ya zege itabeba. Ya mbao haitaguswa na skuta, hilo nimeshamwambia mjomba, naye amenijibu kwamba chooni hajawahi kwenda kwa mashine.

Kilichobaki ni getini, ambako mtaro wa maji ya mvua umefunikwa na mabamba mawili yaliyoachana, na ufa wake unameza gurudumu dogo lote. Fundi wa kuchomelea anakuja Jumamosi kuchukua vipimo.