Magoti ya mama na baridi ya Njombe: yaliyotusaidia

Kuanzia Juni hadi Agosti, Njombe huwa na baridi isiyo na utani. Mji uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ukungu unaweza kukaa mpaka saa nne asubuhi, na upande wa Makete kuna alfajiri unakuta barafu juu ya majani. Hiyo ndiyo miezi ambayo magoti ya mama yangu humtesa kuliko mingine yote. Ana miaka 74, na sehemu kubwa ya umri wake ameinama kwenye mashamba ya viazi. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba gegedu za magoti yote mawili, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, zimelika, la kulia zaidi. Daktari alitueleza wazi kwamba zikishalika hazirudi, ila maumivu yanaweza kupunguzwa na magoti yakapata nguvu.

Baada ya kumuuguza misimu kadhaa, naamini kinachowaumiza wazee wetu kuliko baridi yenyewe ni kule kukaa. Mzee anajikunyata jikoni na blanketi lake, anakaa kwenye kigoda tangu asubuhi, na watoto wanasema mwacheni apumzike. Misuli ya mapaja inalegea. Akija kunyanyuka, goti halina wa kulisaidia kubeba uzito, linauma kuliko jana, basi anaketi tena. Ndiyo maana kila tunachofanya nyumbani kinalenga mama aweze kutembea hata siku ya ukungu mzito.

Asubuhi ndipo goti linapokaza. Kabla hajashuka kitandani nachovya taulo kwenye maji ya moto, nakamua, nazungushia goti juu ya kanga na kuliacha dakika 15 hivi. Kwanza napima joto kwa ngozi yangu ya ndani ya mkono, kwa sababu ngozi ya mzee huungua upesi, na mwenye kisukari anaweza kuungua asijue. Likishalainika tunaanza mazoezi tuliyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Mama ananyoosha mguu kitandani, naweka kanga iliyokunjwa chini ya goti, analikandamizia chini, anahesabu mpaka tano, analegeza. Kisha anaketi kwenye kiti na kuinua mguu mpaka unyooke mbele yake, anahesabu tena tano. Mara kumi kila mguu.

Mwanzoni alikataa kabisa. "Mwanangu, goti linaniuma, halafu mnataka nilitumikishe?" Yule mtaalamu akamjibu kwa upole, "Bibi, kuuma kidogo ukiwa kwenye zoezi hakuliharibu. Ila maumivu yakiendelea mpaka kesho yake, hapo punguza." Maneno hayo ndiyo yaliyomtoa hofu.

Kilichobadilisha maisha yake kuliko dawa zote ni choo. Choo chetu ni cha shimo, na kuchuchumaa kwenye baridi ya alfajiri kulikuwa kunamliza. Akawa hanywi maji jioni ili asiamke usiku. Fundi seremala alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu katikati, kinachosimama juu ya shimo, na ukutani akafunga bomba la kushikia. Ni kazi ya siku moja, na sielewi kwa nini nyumba zenye wazee hazina kitu hiki. Baadaye tukainua kitanda kwa matofali ili asinyanyuke kutoka chini sana, na kigoda kikapisha kiti chenye mikono. Fimbo anaishika mkono wa kushoto, kwa kuwa goti bovu zaidi ni la kulia. Wengi hushika upande uleule wa ubovu, na haiwapunguzii mzigo ipasavyo.

Nguo ni rahisi: taiti chini ya gauni, soksi nzito, na mikono ya sweta la mtumba niliyoikata tukaivalisha magotini. Jiko la mkaa haliingii chumbani akiwa amelala. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na kila msimu wa baridi nawakumbusha majirani jambo hili bila kuchoka.

Kuhusu dawa nawasihi sana muwe waangalifu. Mama ana presha. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofen ambavyo watu hujinunulia duka la dawa vinaweza kupandisha presha, kutoboa tumbo na kuumiza figo, na mzee anayemeza dawa za presha yuko kwenye hatari zaidi. Kwa hiyo daktari wake alimpa paracetamol kwa kipimo maalumu na diklofenaki ya kupaka. Zile poda za "kumaliza maumivu ya mifupa" zinazouzwa stendi na ndani ya mabasi hatuzigusi. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, ndiyo maana mtu anapata nafuu ya haraka kisha mwili unadhurika taratibu.

Kuna wakati taulo na mazoezi si mahali pake. Kiungo kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, hasa kukiwa na homa, au mzee akianguka na kushindwa kukanyaga, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Siku hizi mama anatembea mpaka kwenye ibada ya jumuiya jua likishachomoza, anapumzika njiani kwenye benchi la duka, anarudi kwa miguu yake. Ngazi za mlango wa nyuma bado zinampa shida, hasa kushuka. Fundi amekwisha pima, anakuja Jumamosi kufunga mbao ya kushikia pande zote mbili.