Siku Moja Juu ya Paa la Mawe

Saa 12 asubuhi jana nilikunywa chai ya mlimani, ambayo mama mwenye nyumba wangu huichuma mwenyewe kila kiangazi, kisha nikashuka uchochoro wa mawe wa Kipoi, kijiji kidogo cha eneo la Zagori katika milima ya Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki.

Saa 1 tulikuwa juu ya paa linalovuja, mimi na fundi wangu, mzee ambaye kijiji kizima humwita "mastora". Uashi nilijifunza Lamu, kwenye kuta za matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, lakini hapa nimerudi kuwa saidia fundi. Mabamba ya mawe ya paa hili hayakugongewa misumari. Kila bamba limelalia jingine na hushikiliwa na uzito wake, kwa hiyo moja likiteleza maji hupenya, boriti huoza, na hatimaye paa huanguka ndani likauacha ukuta wazi kwa theluji. Nyumba za waliohamia mijini huanza kufa hivyo hivyo, kwa bamba moja ambalo hakuna aliyebaki kulirudisha.

Kufikia saa 5 tulikuwa tumefungua safu tatu tu. Mastora hugonga kila bamba kwa nyundo na kusikiliza: lililo zima hulia kama kengele, lenye ufa hukoroma. Nilimpelekea moja bila kuligonga, akaniamuru nishuke nalo ngazi zote.

Tulipopumzika alinisimulia habari za waashi wa milima ya Konitsa, waliosafiri kwa makundi kutafuta kazi, wakisemezana kwa lugha yao ya siri ili mwenye nyumba asiwaelewe. Amenifundisha maneno mawili, na yote mawili hayaandikiki.

Saa 7 tulikula alevropita, mkate mwembamba wa unga, mayai na jibini la feta. Saa 8 tulikwenda kuchukua mabamba ya zamani, tukapita daraja la Kokkori, tao moja la mawe la mwaka 1750, ambako watalii wameongezeka tangu UNESCO ilipoorodhesha Zagori kuwa urithi wa dunia mwaka 2023. Wanapiga picha daraja, paa hawaliangalii.

Mvua ilianza saa 11, tukiwa tumeshafunika. Saa 2 usiku mwenye paa alipiga simu: beseni la kukingia matone chumbani lilikuwa kavu, ila sasa jikoni kunadondoka.