Kiti kikianza kuyumba, achana na msumari

Hii kitu nimeisema kwa mdomo mpaka nimechoka, wacha sasa niiandike: kiti cha mbao kikilegea usikipigie msumari. Najua venye huwa inaenda, mgeni ameketi, kiti kimelia, mwenye nyumba anatafuta nyundo, msumari wa inchi tatu unaingia pale mguu unapokutana na ubao wa pembeni, kiti kinatulia na kila mtu anafurahi. Mvua ikija ikienda kinayumba tena, unaongeza wa pili. Hapo ndipo kiti kinaanza kufa, juu kitu kilichokuwa kinashikilia mguu tangu mwanzo ni ulimi wa mbao uliochongwa ukaingia kwenye tundu, na sasa msumari umeupasua huo ulimi katikati.

Mimi si fundi wa kulipwa, kazi yangu ni ya ofisi hapa Kisumu, lakini wikendi utanipata nyuma ya nyumba hapa Migosi na randa mkononi, majirani washazoea vumbi. Nilianza na vitu vipya, stuli, rafu za vitabu, meza ya sebuleni ya saiprasi, halafu nikaona kazi inayonifunza zaidi ni kufungua vitu vya zamani. Kiti cha zamani ukikifungua unaona kila kitu fundi alikuwa anafikiria, wapi aliacha mbao nene, wapi aliipunguza, upande gani wa nyuzi aliuchagua. Hakuna mtu atakufunza hivyo.

Chukua viti vya senje yangu, yaani shangazi, kule Hamisi, Vihiga. Vilikuwa stoo vimebebeshwa magunia ya mahindi, misumari imejaa kila kona, na alikuwa karibu kuvifanya kuni. Babake ndiye alivinunua, kwa fundi aliyejifunzia useremala Kaimosi, na mtu wa huku hashangai kusikia hivyo manake wale Wamarekani wa kanisa la Friends, yaani Quakers, waliofika Kaimosi 1902 waliita misheni yao Friends Africa Industrial Mission, kazi ya mikono ilikuwa ndani ya jina lenyewe, na walikuwa na mashini yao ya kupasua mbao. Upande wa Kisumu nako reli ilifika 1901 na mafundi Makalasinga, yaani Masikh kutoka India, wakaja na useremala waliorithi kwa baba zao. Ndio maana ukipata fanicha nzee magharibi hapa, iwe kabati ya sahani ama meza ya mwalimu, iangalie mara mbili kabla hujaitupa, kuna uwezekano mzuri ilitoka kwa mkono uliofunzwa sawasawa, na kwa mbao ambazo leo hupati kirahisi.

Hivi vya senje ni mvule. Ukiviinua tu mkono unajua. Mvule ukipasuliwa leo ni wa manjano, ukikaa kwenye mwanga unageuka taratibu kuwa kahawia iliyoiva, na ukiugeuza kiti chini, pale mwanga haufiki, bado unaona ile manjano imebaki. Halafu kuna yale mawe yake, mvule huweka chokaa ndani ya mbao, huyaoni mpaka patasi igonge na makali yapotee hapo hapo. Vumbi lake pia linawasha pua na ngozi kwa hivyo vaa maski, hii si ya kubishana.

Sasa kufungua. Kwanza misumari yote itoke, na usiivute kwa nguvu juu ya mbao tupu, chimba kidogo kando ya kichwa kwa patasi nyembamba mpaka koleo lishike vizuri, weka kipande cha plaiwudi chini ya koleo ndio usiache kovu, zungusha kwanza halafu uvute, juu msumari uliooza kwa kutu hukatikia ndani. Kisha kila kiungo bandika tepu ya karatasi uandike namba pande zote mbili. Viungo vya mkono havifanani, ulimi wa mguu huu hauingii tundu la mguu ule hata kama kwa macho unaona ni sawa.

Kuhusu gundi, hii ndio sehemu naipenda kabisa. Mafundi wa zamani walitumia gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama, inayopashwa moto, na hiyo gundi maji ya moto yanailainisha tena hata baada ya miaka mingi sana. Mimi huchukua bomba la sindano kutoka duka la dawa, najaza maji ya moto, nadondosha polepole pale kwenye mstari wa kiungo, nangoja, nadondosha tena. Ukiona inateleza kama ute na unasikia harufu ya ngozi, basi ni yenyewe, gonga kidogo na nyundo ya mpira na mguu unatoka mzima bila hata kuchanika. Kiti kilitengenezwa kiweze kufunguliwa na mtu mwingine baadaye! Gundi nyeupe tunayonunua leo hadiwea inashika vizuri sana na mimi mwenyewe naitumia, lakini kuifungua ni vita.

Ukishafungua kwangua gundi ya zamani yote mpaka uone mbao, gundi nyeupe inashika mbao, haishiki gundi iliyokauka. Lakini kwangua gundi peke yake, usile ulimi, ukiupunguza hata kidogo umejitengenezea kazi. Ulimi ukiwa umelegea ndani ya tundu chukua ganda jembamba la mbao ile ile, libandike kwenye shavu la ulimi, ule upande wake mpana, likikauka liteleze na patasi mpaka uingie kwa kusukuma na mkono na kugongwa kidogo tu mwishoni. Na kama msumari ulishaupasua kabisa, kata huo ulimi, chonga mfereji kwenye ubao wa pembeni na uweke ulimi mpya. Viungo vya nyuma, pale ubao unaobeba kikalio unaingia mguu wa nyuma, ndivyo huharibika kwanza kwa karibu kila kiti, manake mtu akiegemea nyuma uzito wote unavunjia hapo, na nyuzi za ulimi na za mguu zimekatana kwa hivyo kila moja inavimba na kusinyaa kivyake mvua na kiangazi.

Watu huniambia hawawezi kufanya hii kazi juu hawana klampu, na kweli klampu ni ghali. Tumia mpira wa tyubu, ule watu wa boda hufungia mizigo. Kata ukanda mrefu, zungushia miguu ukiuvuta kwa nguvu, kila mzunguko unaongeza kukaza, na mpira unashika hata kona ambayo klampu ya chuma ingeteleza. Kabla gundi haijashika simamisha kiti kwenye sakafu iliyo sawa, pima kwa kamba kutoka kona hadi kona ya kikalio, kisha ile kona ingine, urefu ukiwa sawa kiti kiko mraba. Kama sivyo sukuma pole pole mpaka vilingane halafu uache mpaka kesho, usikalie, usijaribu jaribu.

Rangi ya juu usikimbilie msasa. Dondosha kitone cha spiriti chini ya kikalio, rangi ikinata ni shelaki, isiponata jaribu tina, ikinata sasa ni laka, zote mbili ni aina za vanishi, na mara nyingi kuosha na kuongeza koti jipya kunatosha. Penye mbao imebonyea, weka kitambaa kibichi juu ya shimo, pitisha pasi ya moto, mvuke unaingia kwenye nyuzi zilizofinywa na zinainuka zenyewe, nimeona alama ya ukingo wa debe ikiisha mbele ya macho yangu. Nyuzi zikiwa zimekatika haitasaidia, lakini kama zimelala tu zinarudi. Na ukilazimika kupiga msasa mvule, anza namba 120, kisha 180, kisha 240, ukifuata nyuzi, na ukiona imerudi manjano usinunue rangi ya kuipaka, iweke penye mwanga na uwe na subira, itaiva.

Kwa vitu vipya shida yetu kubwa ni mbao mbichi. Serikali ilisimamisha ukataji kwenye misitu ya umma Februari 2018, rais akatangaza kuufungua tena Julai 2023, na katikati hapo bei ilipanda na saiprasi changa za mashambani zikawa zinatoka kwa msumeno moja kwa moja hadi kwa fundi. Simlaumu fundi wa jua kali, mteja anataka kitanda Jumamosi na anataka bei ya chini, huyo fundi atakausha saa ngapi? Lakini wewe unayejifanyia yako nyumbani huna haraka. Mbao ikitoka msituni ina maji zaidi ya asilimia 30 ya uzito wake mkavu, fanicha ya ndani inataka karibu 12. Panga mbao kivulini na vijiti katikati upepo upite, paka rangi kwenye vichwa juu vichwa hukauka haraka na kupasuka, chukua kipande kimoja ukipime kwa mizani ya jikoni kila wiki, uzito ukiacha kushuka mbao imefika mwisho wake kwa hewa ya hapo. Ya hapo, si ya kwingine. Hewa ya Kisumu na ya Nakuru hazifanani. Kabati niliyompelekea binamu yangu Nakuru nilitia ubao wa mlango kwenye mfereji wa fremu bila gundi, na nikaupaka vanishi kabla ya kuufunga, kwa hivyo ulipofika kule ukasinyaa haukupasuka wala haukuonyesha ule mstari mweupe wa mbao isiyopakwa vanishi pembeni.

Ukienda soko la Kibuye hapa Kisumu siku ya soko kutafuta kitu cha zamani, kigeuze miguu juu kabla ya kuuliza bei. Angalia kama viungo vimechongwa ama vimegongomelewa. Ukiona vitundu vidogo na unga laini mpya unadondoka, wadudu bado wako kazini, tafuta dawa ya mbao kabla hujaingiza hicho kitu kwa nyumba, ila kwa mvule mara nyingi wanakula ile sehemu nyeupe ya nje tu na moyo wanauacha. Kuyumba peke yake kusikutishe, tena hapo ndipo uko na nguvu ya kupunguza bei.

Na wale wanaomalizia na mafuta ya linseed, yale ya mbegu za kitani, vitambaa vya kupakia msivikunje mkavitupa kwa ndoo. Yale mafuta yakikauka hutoa joto na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kushika moto chenyewe usiku mkiwa mmelala. Vitandaze kimoja kimoja kwa waya nje mpaka vikakamae, ndio utupe.