Nilivyochagua hedifoni na amplifaya ya kuhariria rekodi za kwaya hapa Arusha

Ninahariri rekodi za kwaya ya usharika wetu, na kazi hiyo huifanya usiku nyumbani Sakina wakati watoto wamekwisha kulala, kwa hiyo spika kubwa hazinifai. Nilihitaji hedifoni itakayonionyesha kwa uaminifu kilichomo ndani ya rekodi: mwimbaji wa sauti ya pili aliyesogea mbali na maikrofoni, wa sauti ya tatu anayeanza neno kabla ya wenzake, mwangwi wa ukuta unaofunika maneno. Nilipoanza kuulizia za kiwango cha juu nilipewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Wapo walioniambia kwamba amplifaya ndiyo inayojenga sauti, na kwamba nitenge fedha nyingi upande huo. Wapo waliosema simu inatosha kuendesha kitu chochote. Nimefika mahali tofauti na pande zote mbili, na ninaeleza njia niliyopita kwa sababu hapa kwetu si rahisi kukuta duka ambalo mtu anaweza kukaa, kuvaa na kujaribu kabla ya kulipa.

Hedifoni nilizozilinganisha zilikuwa tatu, zote za kuazima. Rafiki yangu wa Njiro, ambaye hurekodi sauti kwa ajili ya filamu za wanyamapori, alikuwa na Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997, pamoja na Hifiman Sundara. Mzee mmoja wa Kijenge, fundi wa redio mstaafu, aliniazima Beyerdynamic DT 880, ile ya omu 600. Mbili za kwanza zimeachwa wazi upande wa nyuma na ya tatu iko nusu wazi, maana yake ni kwamba sauti hutoka nje na kelele za nje huingia. Anayeishi kando ya barabara kuu yenye malori usiku kucha atafute iliyofungwa, na sehemu kubwa ya ninayoyasema kuhusu usikikaji wa hizi tatu haitamhusu.

Kabla ya kulinganisha nilisawazisha ukubwa wa sauti, kwa kuwa sikio hupenda kinachosikika kwa nguvu zaidi na kukiita kizuri. Nilitumia kelele ya majaribio, ile inayovuma kama maporomoko ya maji, nikairekebisha kwa kila hedifoni hadi zikalingana, kisha nikaandika mahali kizungushio cha sauti kilipokaa. Nilisikiliza rekodi nilizozifanya mwenyewe peke yake, kwa sababu ndizo ninazojua zilivyosikika ndani ya kanisa.

Kuna wimbo tuliourekodi bila ala yoyote, na kabla ya ubeti wa tatu waimbaji wawili wa sauti ya pili huvuta pumzi, mmoja karibu na maikrofoni ya kushoto na mwingine hatua chache nyuma yake. Kwa HD 600 pumzi hizo zilikuwa mbili, kila moja mahali pake, na maneno yaliyofuata yalitoka vinywani mwa watu ninaowafahamu. Sijasikia hedifoni nyingine inayoiweka sauti ya binadamu katika uwiano wake kwa namna hii. DT 880 ilinionyesha pumzi zilezile, lakini ina mwinuko kwenye masafa ya juu, karibu na hezi 8,000 hadi 9,000, ambako ndiko zinakokaa herufi za kuchoma kama "s" na "sh". Neno "msamaha" lililoimbwa na watu wengi kwa pamoja lilinichoma sikio. Kwa kutafuta kasoro ni chombo kizuri sana. Kwa kufanya uamuzi inahatarisha, kwa kuwa mhariri anayeisikiliza atapunguza masafa ya juu ili apate nafuu yeye, na kwaya itatoka imefifia kwenye redio ya kila mtu mwingine.

Sundara ni ya namna nyingine kabisa. Badala ya koili iliyogandishwa kwenye utando wenye umbo la kuba, ina utando mwembamba bapa uliotandazwa njia za umeme na kuwekwa mbele ya safu za sumaku, na matokeo yake ni besi inayoshuka hadi chini bila kulegea. Nilipowasha rekodi ya vijana wetu wakiwa na gitaa la besi, ambalo uzi wake mnene hutoa takribani hezi 41, niliisikia noti yenyewe kwa ukamilifu, wakati HD 600 huanza kupungua nguvu katika eneo hilo. Hapo nilisita kwa kweli. Kilichoniamulia ni hesabu ndogo: sauti ya nne katika kwaya kwa kawaida haishuki chini ya hezi 80 hivi, na huko HD 600 bado iko imara. Aidha Sundara ina uzito wa gramu 372 dhidi ya 260 za HD 600, na mtu anayeivaa tangu saa tatu usiku hadi saa sita ataihisi tofauti hiyo shingoni. Ningekuwa ninahariri muziki wa dansi, ningechukua Sundara.

Kwa hiyo hedifoni ilitangulia, amplifaya ikafuata. Mpangilio huu ni wa lazima, kwa sababu hakuna amplifaya iliyo nzuri kwa hedifoni zote, ila kuna inayoweza kutoa kile ambacho hedifoni fulani inadai, na madai hayo yameandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji: ukinzani, yaani kiasi inavyozuia umeme kupita, unaopimwa kwa omu, na usikivu, yaani ukubwa wa sauti inayotoka kwa miliwati moja. HD 600 ina omu 300 na desibeli 97. Sundara omu 37 na desibeli 94. Nilijiwekea lengo la kilele cha desibeli 110, kwa sababu rekodi ya kwaya isiyochakatwa ina umbali mkubwa kati ya wastani na kilele, desibeli 25 au zaidi, na hivyo wastani ninaousikiliza utakuwa karibu na 85 au chini yake. (Shirika la Afya Duniani linataja desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa kiwango salama kwa mtu mzima, na anayefanya kazi hii kila siku anapaswa kuliheshimu jambo hilo.)

Kutoka 97 hadi 110 kuna desibeli 13, ambazo ni nguvu mara 20. HD 600 kwa hiyo inadai miliwati 20, na kwenye omu 300 hiyo ni takribani volti 2.5 na mkondo mdogo wa miliampia 8. Sundara inadai miliwati 40, lakini kwa omu zake 37 ni volti 1.2 tu, na mkondo wa miliampia 33. Moja inataka volti, nyingine inataka mkondo. Hapa ndipo wengi hupotoshwa na wati zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, kwa maana wati hizo hupimwa aghalabu kwenye omu 32, na hazisemi lolote kuhusu volti zitakazopatikana kwa hedifoni ya omu 300. Wale wanaosema simu inatosha nao wana sehemu ya ukweli: adapta ndogo ya Apple ya kuchomekea hedifoni kwenye tundu la USB-C la simu, toleo linalouzwa Marekani, hutoa takribani volti 1, ambayo kwa HD 600 ni kilele cha desibeli 102. Kwa nyimbo zilizokwisha kukamilishwa na kupandishwa sauti, hiyo inatosha kabisa. Kwa rekodi zangu mbichi haikutosha. Nilikuwa nimefika mwisho wa kizungushio na bado ninainamisha kichwa ili nisikie.

Kipimo cha tatu, ambacho watengenezaji wengine hawakiandiki, ni ukinzani wa amplifaya yenyewe kwenye tundu la kutolea sauti. Ukinzani wa HD 600 si omu 300 kila mahali. Karibu na hezi 80 hadi 100 hupanda hadi kama omu 500, kwa sababu hapo ndipo utando wake unapotikisika kwa urahisi zaidi. Ikichomekwa kwenye tundu lenye omu 120, na matundu ya namna hiyo yapo kwenye mikisa, yaani mashine za kuchanganyia sauti, na kwenye amplifaya za valvu, eneo hilo la besi hupata volti nyingi kuliko masafa mengine na kupanda kwa takribani desibeli 1. Ni kidogo, lakini husikika, na ndicho walichokuwa wakikisifu wengi kama joto la valvu. Utaratibu unaofuatwa na wengi ni kwamba ukinzani wa amplifaya usizidi moja ya nane ya ule wa hedifoni. Sundara haina tatizo hili la besi, kwa kuwa ukinzani wa utando bapa unakaribia kuwa sawa katika masafa yote.

Nililipeleka jambo hilo kwa mzee wa Kijenge, ambaye amplifaya yake ya valvu ni ya aina isiyo na transfoma ya kutolea sauti. "Shikamoo mzee, ninaomba tuipime hii yako na ile ya rafiki yangu bila kujua ipi ni ipi." Akaitikia marahaba, akacheka, akasema, "Pima kijana wangu, lakini pima kwa mita kwanza, masikio baadaye." Tulicheza mlio wa hezi 100, hedifoni ikiwa imechomekwa, tukasoma volti kwa multimita na kusawazisha hadi tofauti ikawa chini ya asilimia moja, ambayo ni chini ya desibeli 0.1. Hezi 100 tulizichagua kwa sababu multimita za bei nafuu hupima vizuri karibu na masafa ya umeme wa nyumbani na kupotoka zinapofika maelfu. Mjukuu wake akawa anabadilisha waya tukiwa tumegeuka. Kwa HD 600 niliitambua ya valvu kwa besi yake iliyojaa. Tulipolinganisha amplifaya mbili za transista zenye ukinzani mdogo, wala mimi wala mzee hatukuweza kuzitofautisha, ingawa moja ilikuwa ghali mara kadhaa kuliko nyingine.

Niliyoichagua ni ile ndogo ya rafiki yangu, O2, mchoro uliotolewa mwaka 2011 na mhandisi aliyejiita NwAvGuy na kuuweka wazi kwa yeyote kuijenga. Ina ukinzani wa takribani nusu omu na hufika volti 7. Kilichonivutia zaidi ni kwamba vipande vyake vyote ni vya miguu mirefu inayopita kwenye matundu ya bodi, si vile vidogo vya kubandikwa juu, kwa hiyo fundi yeyote makini mwenye pasi ya risasi anaweza kuitengeneza ikiharibika. Pia hufanya kazi kwa betri mbili za kuchaji za volti 9, na umeme unapokatika kazi haisimami.

Jambo lililonisumbua ni adapta. O2 inahitaji adapta inayotoa mkondo geu (AC), na za madukani karibu zote hutoa mkondo mnyoofu (DC), ambao hauwezi kulisha pande zote mbili za bodi. Anayeletewa adapta na ndugu kutoka Marekani aangalie maandishi yake, kwa kuwa ya volti 120 itaungua kwenye 230 za kwetu. Fundi wangu alitumia transfoma ya kawaida ya 230 kwenda 15, akaifunga ndani ya kasha la plastiki lenye fyuzi. Mvumo ulioanza kusikika ulitoka kwenye kompyuta iliyounganishwa kwenye soketi isiyo na waya wa ethi. Ethi iliporekebishwa, mvumo ukaisha.

Kuhusu ukuzaji, yaani mara ngapi bodi huongeza volti zinazoingia, bodi huja na mara 2.5 na mara 6.5. Kifaa changu cha kutolea sauti kutoka kwenye kompyuta hutoa volti 2, hivyo mara 2.5 hunipa volti 5, maradufu ya ninachohitaji. Sitawahi kutumia 6.5, kwa sababu ingedai volti 13, zaidi ya 7 ambazo bodi inaweza kutoa, na vilele vya sauti vingekatwa. Mwenye Sundara anaweza kumwomba fundi aondoe vikinza viwili ili ukuzaji ushuke hadi mara 1, na kwa chanzo cha volti 2 bado atakuwa na akiba. Mwenye Hifiman HE-6, ambayo usikivu wake ni desibeli 83.5 kwa omu 50, yuko katika daraja lingine: kwa lengo lilelile la desibeli 110 atahitaji karibu miliwati 450, na hapo ndipo ninapokubali kwamba amplifaya kubwa ina kazi ya kufanya.