Nilikwenda Sturgis Kuangalia Kazi za Mafundi

Kutoka Sioux Falls mpaka Sturgis, mji wa tamasha kubwa la pikipiki nchini Marekani, ni barabara moja tu, I-90. Unaelekea magharibi karibu kutwa nzima, kilomita kama 600, na bado uko ndani ya jimbo lilelile la South Dakota. Sheria inaruhusu maili 80 kwa saa na malori hayaachi nafasi hiyo ipotee, kwa hiyo mwenye pikipiki lazima ajipange: maji ya kunywa, glovu, tangi lisishuke chini ya nusu, na usingizi wa kutosha usiku uliotangulia. Mimi nina Honda Shadow 1100 ya zamani. Shemeji yangu alikuja na Yamaha yake, tukatoka alfajiri kabla jua la Agosti halijaanza kuchoma.

Adui wa safari hii ni upepo. Nyika ni tupu, hakuna mlima wala msitu wa kuuzuia, unakuja ubavuni na kukusukuma kuelekea mstari wa katikati. Mashamba ya mahindi yanapita, kisha alizeti, kisha majani makavu na ng'ombe. Tulipumzika Chamberlain, pale barabara inapovuka mto Missouri, kwa sababu nilitaka shemeji aione sanamu ya Dignity. Ni mwanamke wa wenyeji asilia wa Marekani, urefu wa mita 15, amejitanda blanketi la nyota, na yote ni chuma cha pua. Ilisimamishwa 2016. Aliyeifanya, Dale Lamphere, ni mchongaji wa hukohuko upande wa Sturgis. Vipande vya buluu vya blanketi vimefungwa kwa namna ambayo upepo unavichezesha. Tulikaa chini yake tukitazama viungo vya chuma hadi watu wengine wakaanza kutazama tunachotazama. Kama kazi yako ni chuma, huwezi kupita pale bila kusimama.

Baada ya hapo ni kilomita nyingi za mabango ya Wall Drug, duka lililojijengea jina tangu miaka ya 1930 kwa kuwapa wasafiri maji ya barafu bure. Tulikunywa maji, tukajaza mafuta, tukaendelea. Kufikia hapo barabara ilishageuka kuwa ya pikipiki. Zinakupita kumi kumi, mkono wa kushoto umeshushwa chini kukusalimu. Kila mmoja anasalimia, na hakuna anayeangalia umepanda nini.

Sturgis yenyewe ni mji mdogo, wakazi wapatao 7,000. Kila Agosti, kwa siku kumi, unapokea mamia ya maelfu ya watu. Mwaka 2015, tamasha lilipotimiza mara ya 75, makadirio yalipita watu 700,000. Mwanzo wake ulikuwa mdogo mno. Mwaka 1938 Clarence Hoel, ambaye watu walimwita Pappy, alikuwa akiuza pikipiki za Indian mjini hapo. Yeye na klabu yake ya Jackpine Gypsies waliandaa mashindano, wakajitokeza waendeshaji tisa. Wakati wa vita vya pili vya dunia yalisimama kwa sababu ya uhaba wa petroli, kisha yakarudi, na klabu ipo hadi leo.

Nieleze kwa nini nilikwenda. Kabla ya kuja Marekani nilikuwa fundi pikipiki Mwanza. Tulikuwa tunapokea SanLG, Boxer na TVS za bodaboda, tunaongeza vyuma kwenye mkono wa nyuma ili zibebe magunia ya mkaa, tunarefusha keria, tunabadilisha siti. Pikipiki ilikuwa inatoka kwetu siyo ile iliyotoka kiwandani. Hakuna aliyeita kazi ile sanaa, na sisi wenyewe hatukuwa na muda wa kuipa jina. Miaka yote hiyo nilitamani kuona mahali ambapo fundi anachomelea fremu na watu wanapiga magoti kuitazama.

Main Street, mtaa mkuu wa mji, haiingii gari wiki hiyo. Pikipiki zinapangwa safu pande zote mbili na safu nyingine katikati ya barabara, kutoka mwanzo wa maduka hadi mwisho. Joto linapanda, lami inalainika, na stendi ya pembeni inaanza kuzama. Wenyeji huweka kibati au kopo lililopondwa chini ya mguu wa stendi, pikipiki isije ikalala. Muziki unatoka kila mlango, na kelele za ekzosi zinaingia kifuani. Wengi huja kwa ajili ya hayo, nami siwalaumu. Mimi nilianza safu ya kwanza, nikaangalia shingo, pale fremu inaposhikana na foki.

Shingo ndiyo inayokuambia fundi ni nani. Pikipiki ya kawaida, foki zake, yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele, zimelala kidogo. Ukivuta mstari kufuata mlalo wa shingo hadi chini, unagusa lami mbele kidogo ya pale tairi linapoigusa. Umbali huo mafundi wa kule wanauita treili, na kwa pikipiki nyingi kubwa ni kama inchi nne hadi sita. Ndio unaoifanya pikipiki inyooke yenyewe. Sasa mtu akikata shingo na kuilaza zaidi apate lile umbo refu la chopa, pikipiki iliyokatwa na kurefushwa mbele, treili inaongezeka. Barabara kuu inatulia vizuri, lakini kwenye kona ya taratibu usukani unakuwa mzito na gurudumu la mbele linakataa, kama mbuzi aliyegoma kuvutwa kamba. Ukikosea upande wa pili, treili ikawa ndogo mno, pikipiki inatetemeka ukikimbia. Kwa hiyo urefu ule unaopendeza kwenye picha ni hesabu kwanza, rangi baadaye. Niliona nyingi nzuri zilizojengwa na watu ambao, nina hakika kabisa, hawakupiga hesabu hiyo.

Karibu na mwisho wa safu niliikuta moja iliyonishikilia mpaka jua likageuka. Injini yake Harley Panhead, aina iliyotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1965. Fremu ngumu, nyuma hakuna shokapu. Gia ya mkono, klachi ya mguu. Rangi ya zambarau yenye chembechembe zinazong'aa, imezamishwa chini ya vanishi tabaka juu ya tabaka hadi unaona kina. Lakini shingoni, pale alipokata na kuunganisha, hakupaka puti. Aliuacha mshono wa kuchomelea wazi, mawimbi madogo yaliyolingana kuzunguka bomba lote, akapitisha vanishi tu juu yake. Mafundi wengi wanaficha mshono. Huyu aliutaka uonekane kwa sababu hakuwa na cha kuficha.

Mwenyewe alikuwa mzee mwenye mikono ya kazi, amekaa kwenye kiti cha kukunja. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ni fundi kutoka Tanzania, nikaomba ruhusa ya kuangalia chini. Alivuta kiti chake kando.

"Angalia unavyotaka, kijana. Uliza pia."

Niliuliza alivyoshika pembe wakati wa kuchomelea. Akanieleza namna alivyofunga fremu kwenye meza ya chuma, akaunganisha kwa nukta chache huku na huku, akaacha ipoe, akapima, akarudia, kwa kuwa joto likiwa upande mmoja shingo inavutwa. Nilimwambia kwetu tulikuwa tunafunga fremu kwenye mti. Akataka kujua mti wa aina gani na tulipimaje. Kamba na jiwe, nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, kisha akaniita nije upande wa kiki.

Alifungua petroli, akapiga kiki mbili taratibu bila umeme ili mchanganyiko uingie kwenye silinda. Halafu akazungusha mshiko wa kushoto kuichelewesha cheche, maana kwenye injini zile cheche ikiwahi, kiki inarudi na inaweza kuvunja mguu. Akawasha swichi. Kiki moja. Ikashika, ikapumua ule mwendo wake wa kulegalega, akarudisha mshiko taratibu mpaka ikakaa sawa. Alikuja nayo kwa barabara kutoka Nebraska.

Jambo jingine lilinigusa sana. Jamaa mmoja mweusi kutoka Los Angeles alikuwa na chopa yenye foki ndefu ya springi iliyotoka kwa Sugar Bear, fundi mweusi wa California ambaye kwa miongo mingi amekuwa akitengeneza foki za namna hiyo. Siri iko chini kabisa, kwenye vile vikono vifupi vinavyoshika ekseli. Kwa kuvirefusha, gurudumu linasogea mbele na treili inarudi kwenye kipimo, hata kama foki ni ndefu. Jamaa aliigeuza pikipiki ile palepale barabarani kwa mwendo wa miguu, mkono mmoja, kunionyesha. Watu wanaijua chopa ya bendera ya Marekani iliyomo kwenye filamu ya Easy Rider ya 1969. Wachache wanajua kwamba nyuma ya chopa za filamu ile walikuwa Cliff Vaughs na Ben Hardy, wote weusi, na kwamba filamu haikuyaandika majina yao. Nimeyaandika hapa kwa sababu hiyo.

Tulikwenda pia Buffalo Chip, uwanja mkubwa wa kambi nje ya mji, ambako mpiga picha Michael Lichter amekuwa akiandaa maonyesho ya pikipiki kama kazi za sanaa. Huko taa ni za kupangwa na hakuna vumbi. Kuna kazi za ajabu, vifuniko vya injini vilivyochongwa maua kwa mkono, nyaya zote zimepitishwa ndani ya usukani. Nilizipenda. Zile zenye masanduku ya mizigo ubavuni na gurudumu la mbele la inchi 30, zilizojaa mjini, hazikuniingia. Rangi ni kioo, lakini gurudumu kubwa vile linaamuru pikipiki nzima iende linavyotaka.

Kaskazini-mashariki ya mji kuna mlima umesimama peke yake, Bear Butte. Walakota, wenyeji asilia wa eneo hili, wanauita Mato Paha, nao na Wacheyenne, wenyeji asilia wengine, wanakwenda kuomba huko; vitambaa vya sala vimefungwa mitini. Milima yote hii, Black Hills, ilikuwa ya Walakota kwa mkataba wa 1868 na serikali ya Marekani, ikachukuliwa, na mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba wanastahili fidia. Wamekataa kuchukua pesa; wanataka ardhi. Tulipokaribia pale tulipunguza mwendo na kupita na gia ya juu, kimya kadiri tulivyoweza. Nadhani kila mwenye pikipiki anayekwenda Sturgis anadaiwa angalau hilo.

Siku ya kuondoka tulianza na Iron Mountain Road. Maili 17, kona 314, mahandaki matatu ya kupita ndani ya mwamba, na yale madaraja ya mbao yanayojizungusha na kupita juu ya barabara ileile uliyotoka. Hapo ndipo uchunguzi wangu wa Main Street ulipopata majibu. Zenye magurudumu makubwa ya mbele zilikuwa zinakwenda katikati ya barabara, waendeshaji wamekaza mabega. Chopa moja ndefu, shingo imelazwa sana lakini foki zimepangiliwa, iliingia kwenye daraja mbele yetu, ikalala, ikazunguka na kutokea juu bila mguu kugusa chini. Shemeji, ambaye siku zote husema chopa ni pambo tu, aligeuka akaniangalia.

Njiani kurudi, kila tuliposimama kujaza mafuta, alikuwa na swali jipya kuhusu mashine ya kuchomelea: bei, ampea, gesi. Ana fremu ya Honda CB750 imelala gereji kwake tangu ainunue. Tumekubaliana tusiguse rangi wala siti. Kwanza tunatengeneza meza ya chuma ya kuifungia, tuipime shingo, tuone imenyooka kiasi gani.